STOO YA FUTI SITA KWA NANE, MASHINE NNE: ZITAINGIAJE?

Kabla hujapima ukuta, pima soketi. Wengine huanza na futi kamba, wakamalizia na Zimamoto!

Kama unaishi Kahama, Geita au Shinyanga mjini, picha hii si ngeni machoni pako. Ni jioni ya mwisho wa mwezi, au ni siku ile ambayo duara limetema, na bajaji inapita taratibu imebeba friji lililofungwa kamba kama mbuzi wa sikukuu. Nyuma yake mshikaji anafuata kwa bodaboda, meno yote thelathini na mbili nje. Watoto wa mtaa wanakimbia pembeni. Majirani wanachungulia kwenye mapazia.

Shangwe hiyo huishia mlangoni. Friji linashushwa, watu wanafuta jasho, kisha linaulizwa swali ambalo halikuulizwa dukani: "Sasa jamani, hili linakaa wapi?"

Jibu la wengi ni moja. Stoo! Kile kichumba kilichobanwa karibu na uani, chenye dirisha dogo kama la kukatia tiketi. Ndani yake kuna magunia ya mpunga yaliyotoka nyumbani, gunia la mkaa, ndoo sita, baiskeli isiyo na mnyororo na begi la mgeni aliyeondoka tangu Pasaka. Humo humo ndimo friji linatakiwa liingie. Humo humo jiko la gesi. Humo humo maikrowevu. Na mwezi ujao, Mungu akijalia, mashine ya kufulia.

Wiki hii safu yetu inaingia stoo. Hatuingii kwa ajili ya mapambo, maana rangi mbaya ya ukuta haijawahi kumuua mtu. Tunaingia kwa sababu stoo iliyopangwa ovyo inaweza kukuunguzia nyumba, kukuvutisha hewa ya sumu, kukuozeshea chakula cha msimu mzima na kukugombanisha na wapangaji wenzako. Na yote hayo yanatokea huku mwenyewe ukijiona umeula!

KICHUMBA CHA GUNIA

Tuanze na chanzo cha tatizo. Nyumba nyingi za kupanga za Ngokolo na Kambarage pale Shinyanga, za Nyihogo na Majengo kule Kahama, au za Nyankumbu mjini Geita, hazikujengwa zikisubiri mashine. Kwa Wasukuma stoo ni ghala. Ni mahali pa mpunga, mahindi, dagaa na michembe, ile ya viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani mpaka vikakauka kau. Gunia halihitaji soketi wala bomba. Fundi akaweka mlango, akaweka tundu la dirisha, akaondoka zake.

Maji nayo yalikuwa hadithi nyingine. Kabla ya mradi mkubwa wa maji ya Ziwa Victoria, uliozinduliwa mwaka 2009 na kuyaleta maji kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, mpaka Shinyanga na Kahama, maji katika miji hii yalikuwa ya kuhesabu kwa ndoo. Mji wa Shinyanga ulitegemea bwawa la Ning'hwa, na kiangazi kikikaza kila mtu alijua maana yake. Katika hali kama ile, ni nani angekaa chini na fundi amchoree bomba la mashine ya kufulia ndani ya stoo?

Kisha chapaa zikaja. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, Geita ikawa mkoa mwaka 2012, na Machi 2019 likafunguliwa soko la madini mjini Geita ambako hata mchimbaji mdogo anapeleka gramu zake zikapimwa mbele ya macho yake. Fedha ya dhahabu ina tabia yake: inakuja kwa mpigo. Mwenye mshahara atanunua friji mwezi huu na jiko mwezi wa sita. Mwenye duara lililotema atanunua vyote Jumamosi moja, tena bila kuomba punguzo. Lakini nyumba ni ile ile, stoo ni ile ile, na soketi ni ile ile moja.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mtu anachukua futi kamba, anapima ukuta, anapima friji, anapiga makofi: "Linaingia!" Kuingia linaingia, hilo hatukatai. Tatizo ni kwamba stoo haijai kwa upana wake. Stoo inajaa kwa soketi yake, kwa hewa yake na kwa ukavu wake. Vitu hivi vitatu ukivipima vizuri, hata kichumba kidogo kitameza mashine nne. Usipovipima, hata ukumbi wa harusi hautakutosha.

MATUNDU YANAONGEZEKA, NGUVU HAIONGEZEKI

Usiogope hesabu, ni ya darasa la nne. Umeme wa majumbani hapa kwetu ni wa volti 230, na plagi yetu ya miguu mitatu bapa imetengenezwa kubeba ampia 13. Zidisha 230 kwa 13 upate 2,990. Maana yake ni kwamba soketi moja haitakiwi kubebeshwa zaidi ya wati 3,000 hivi. Ukichomeka ekstensheni yenye matundu sita, hujapata soketi sita. Umepata matundu sita yanayonyonya kwenye titi moja.

Sasa geuza kila kifaa chako usome kile kibandiko cha nyuma au cha chini. Utakuta friji dogo ni wati 100 mpaka 200, ingawa sekunde ile linapoanza kunguruma huvuta zaidi. Mashine ya kufulia ya mapipa mawili ni wati 300 mpaka 500. Maikrowevu huvuta 1,000 mpaka 1,500. Pasi ni 1,000, na zile za mvuke zinafika hata 2,000. Birika la umeme ni 1,500 mpaka 2,200. Ile hita ya kutumbukiza kwenye ndoo nayo haina adabu, nyingine zinagonga 2,500.

Umeona kinachojitokeza? Friji, ambalo ndilo kubwa kuliko yote na ndilo linalowatoa watu jasho mlangoni, ni mpole. Wababe ni vile vidude vidogo vinavyotoa joto. Friji, mashine ya kufulia na maikrowevu vikiwaka kwa pamoja ni kama wati 2,000 tu. Bado mambo ni poa. Ongeza birika kwenye ekstensheni hiyo hiyo, unakaribia 4,000. Hapo waya unaanza kupika chai yake wenyewe.

Kwa hiyo shika kanuni moja: vifaa viwili vya kutoa joto visiwake pamoja kwenye soketi moja. Pasi ikiwaka, birika lisubiri. Birika likiwaka, maikrowevu itulie. Andika kwenye karatasi, bandika ukutani juu ya soketi, ili hata mdogo wako aliyekuja likizo aisome. Na ukiishika plagi ukakuta ni ya moto, au imegeuka rangi ya kahawia, au stoo inanuka plastiki, usiseme ni kawaida yake. Zima, chomoa, ita fundi.

Kuna ule mchezo mwingine ambao karibu kila geto linaufahamu. Umenunua kifaa chenye plagi ya miguu miwili ya mviringo, haiingii. Unachukua kijiti cha kiberiti au kifuniko cha peni, unakisokomeza kwenye tundu la juu, kilango cha ndani kinafunguka, plagi inaingia. Mjanja, eeh? Tundu lile la juu ni la waya wa ethi, ule unaoupeleka ardhini umeme uliovuja badala ya kuupitisha kifuani mwako. Na ile plagi ya miguu miwili inakaa humo imelegea, inatoa cheche. Kwenye stoo yenye friji la bati na sakafu iliyoloa, huo si ujanja tena. Kata plagi ile, fundi akufungie ya miguu mitatu, au nunua adapta inayokaza.

La mwisho kwa upande wa umeme: uliza soketi yako ya stoo ilipotokea. Waya wa soketi unatakiwa uwe wa milimita 2.5, wa taa ni 1.5. Nyumba nyingi stoo ilikuwa na taa tu, baadaye mtu "akanyofoa" umeme kwenye taa akapachika soketi. Soketi hiyo ni ya kuchajia simu, si ya friji na birika. Kuvutiwa waya mpya kutoka kwenye meinswichi, wenye breka yake peke yake, ni gharama, lakini ni ndogo kuliko thamani ya kile ulichokishusha kwenye bajaji. Na atafutwe fundi mwenye leseni ya EWURA, asiwe yule wa kijiweni anayejaribu umeme kwa kidole.

HEWA: MULIZE MCHIMBAJI

Watu wa Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu hawahitaji kufundishwa habari ya hewa. Mchimbaji anajua kuwa duara refu bila upepo ni kaburi lenye ngazi. Ndiyo maana wanapeleka upepo chini kwa mpira kabla mtu hajashuka. Cha ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akirudi nyumbani anaweza kuliingiza jiko la mkaa stoo kwa sababu nje mvua inanyesha, akafunga na mlango moshi usiende sebuleni!

Mkaa ukiungua mahali pasipo na hewa unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na usingizi, anadhani ni uchovu wa safari. Akilala ndio basi. Jiko la mkaa halina nafasi ndani ya stoo yenye mlango wa kufungwa, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Na gunia la mkaa nalo litoke. Linachafua, linachukua nafasi ya mashine nzima, na linamshawishi mpishi.

Gesi nayo ina mambo yake. Tangu Mei 2024, serikali ilipozindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, mitungi imezidi kusogea mpaka uswahilini. Jambo zuri hilo. Lakini kumbuka: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hairuki kwenda darini, inashuka inatambaa sakafuni kama maji, inajaa kwenye kona. Dirisha la juu peke yake halitoshi kuitoa. Stoo yenye mtungi inahitaji tundu chini ya ukuta, usawa wa sakafu, lenye wavu wa kuzuia panya.

Kwa hiyo mtungi usikae ubavuni mwa friji. Friji linajiwasha na kujizima lenyewe usiku kucha, na kila linapojiwasha linaweza kutoa kicheche kidogo ndani ya swichi zake. Kicheche hicho na gesi iliyotambaa havitakiwi kukutana. Mtungi ukae wima, karibu na mlango. Ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio: likitoa mapovu yanayokua, inavuja. Usipime kwa kiberiti, tafadhali! Ukisikia ile harufu ya kitu kilichooza, funga mtungi, fungua mlango, toka nje. Usiguse swichi ya taa, iwe kuwasha au kuzima. Na namba ya Zimamoto ni 114, ikariri kama namba ya mchumba.

Friji lenyewe pia linahitaji kupumua. Joto linalotolewa ndani ya friji linamwagwa nyuma au ubavuni. Liache mbali na ukuta kwa sentimita kumi hivi, na usilipange magunia mgongoni. Shinyanga na jua lake chini ya bati si mchezo. Friji lililowekwa kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni litanguruma muda wote, na wewe ndiye utakayelipa mngurumo huo.

UKAVU: MPUNGA NA MASHINE HAVIPATANI

Wengi wakishaingiza mashine wanayasukumia magunia kwenye kona, sakafuni, kando ya mashine ya kufulia. Baada ya mwezi sakafu imeloa mara kumi, na gunia la chini limevuta unyevu. Nafaka yenye unyevu inaota ukungu, na ukungu mwingine unatengeneza sumukuvu. Hii si hadithi ya kutishia watoto: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha ugali.

Dawa yake ni kichanja. Mbao chache za paini zilizoinuliwa sentimita 15 kutoka sakafuni, zikiachana na ukuta kidogo, zinatosha. Mahindi na maharage yaliyokaushwa vizuri yanaweza kuingia kwenye mifuko ya PICS isiyopitisha hewa. Mfuko huo unafungwa kabisa, wadudu wanakosa pumzi. Na kama una gunia la tano ambalo hutalila mpaka msimu ujao, kwa nini lisiuzwe? Bei ya nafasi ndani ya nyumba ya kupanga nayo ni bei.

Sasa siri ya mashine ya kufulia. Ile ya mapipa mawili ndiyo inayotufaa wengi, kwa sababu inajazwa hata kwa ndoo na haina hita ya ndani. Zile za mlango wa mbele zinataka presha ya bomba, na zikichemsha maji zinakula umeme kama birika. Basi hiyo ya mapipa mawili haina lazima ifulie stoo! Iweke juu ya kibao chenye magurudumu. Ilale stoo, ifanye kazi barazani. Siku ya kufua inasukumwa nje, inafua, maji machafu yanakwenda mtaroni, inafutwa, inarudi kulala. Stoo inabaki kavu, mpunga unabaki salama, na soketi inapumzika. Angalia tu waya upite juu, mahali pakavu, usilale kwenye dimbwi.

MPANGO WENYEWE, UKUTA KWA UKUTA

Tuseme stoo yako ni futi sita kwa nane, yaani sentimita 180 kwa 240 hivi. Mlango uko upande mfupi unaotazama uani, dirisha upande mfupi wa ndani. Huu hapa mpangilio.

Kwanza toa kila kitu nje. Kila kitu! Ambacho hujakigusa kwa mwaka mzima kitafutiwe mwenyewe. Begi la mgeni apigiwe simu. Fagia, ziba matundu ya panya, paka chokaa.

Ukuta mrefu wa kushoto ni ukuta wa umeme. Ndani kabisa liweke friji, sentimita 60 na nafasi ya kupumua. Katikati weka meza nyembamba au rafu imara ya sentimita 80, juu yake maikrowevu na birika, ambavyo sasa unajua haviwaki pamoja. Karibu na mlango ndipo mashine ya kufulia inapolala, sentimita 75, tayari kutoka. Jumla haizidi 225 au 230. Soketi iwe juu ya ile rafu, kama mita moja na kidogo kutoka sakafuni, ekstensheni ipigiliwe ukutani, isilale chini.

Ukuta mrefu wa kulia ni ukuta wa chakula. Ndani weka kichanja cha sentimita 120 chenye magunia yako mawili matatu, juu yake rafu za mbao mpaka karibu na dari kwa ajili ya masufuria, sabuni na ndoo zilizotumbukizwa moja ndani ya nyingine. Sabuni na mafuta ya taa visikae rafu moja na chakula. Karibu na mlango, kama nyumba haina jiko kabisa, ndipo likae jiko la gesi na mtungi wake, na lile tundu la chini ukutani liwe hapo hapo. Friji liko kona ya kushoto ndani, gesi iko kulia mlangoni: havikaribiani. Siku unayopika, mashine ya kufulia isiwake ikiwa ndani. Na kama nyumba ina jiko lake, gesi isiingie stoo kabisa, nafasi hiyo pata kabati.

Katikati inabaki njia ya sentimita 60. Mtu mmoja anapita bila kugeuka ubavu. Kama ni mnene kidogo, basi avute pumzi!

LUKU NA UNITI YA 76

Haya, vimeingia. Sasa vinalipwaje? Hapa ndipo vijana wengi wanapopigwa na butwaa.

Bei ambazo EWURA ilizipitisha mwaka 2016 zilimpa mtumiaji mdogo nafuu kubwa: uniti 75 za mwezi kwa shilingi 100 kila moja, na inayozidi hapo shilingi 350. Mtumiaji wa kawaida alipangiwa shilingi 292 kwa uniti. Hizo ni kabla ya kodi na tozo. Sasa hesabu. Friji dogo linaweza kula uniti moja kwa siku, thelathini kwa mwezi. Birika la wati 2,000 likichemka dakika tano tano mara sita kwa siku, hiyo ni nusu saa, uniti moja nyingine. Thelathini tena. Taa, runinga na simu tuseme ishirini. Jumla 80.

Umepita 75 kwa uniti tano tu! Ukiwa bado kwenye kundi la nafuu, 80 hizo ni shilingi 9,250. Ukihamishiwa kundi la kawaida, uniti zile zile 80 zinakuwa shilingi 23,360. Hiyo tofauti ya elfu kumi na nne kila mwezi haikuletwa na friji, imeletwa na birika. Chemsha maji mara moja asubuhi, mimina kwenye chupa ya chai, na matumizi yako yanarudi chini ya mstari. Mtu anayejua kupanga stoo anapanga na uniti.

Kwa wanaopanga wengi kwenye mita moja, mambo ni magumu zaidi. Mita ya wapangaji watano haina ujanja wa kukaa kwenye kundi la nafuu, na siku friji lako linaposhushwa kwenye bajaji, wenzako wanalitazama kwa jicho la LUKU. "Kaka, hongera, lakini tokeni tutagawana vipi?" Usisubiri waanze wao. Nenda nawe ukazungumze, sema utaongeza kiasi gani, au omba kufungiwa mita ndogo ya kwako inayosoma uniti zako peke yako.

Na mama mwenye nyumba pia apewe taarifa kabla ya kutobolewa ukuta. Ukimwendea kwa heshima, "Shikamoo mama, nataka kuweka soketi mpya, fundi ana leseni, gharama nitaanza mimi, naomba tukatane kwenye kodi," mara nyingi atasikiliza, maana nyumba inabaki kuwa yake na waya unabaki ukutani. Muandikishane. Maneno ya mdomo huisha utamu siku ya kuhama.

USISAHAU UMEME UKIKATIKA

Umeme ukirudi baada ya kukatika unaweza kurudi na kishindo. Friji liwekewe kile kidude kinacholilinda, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite. Friji likilazimishwa kuwaka sekunde ile ile lilipozimika, mota yake inateseka. Kidude hicho ni bei ya chipsi kuku mara kadhaa tu, na friji si bei ya chipsi.

Wazee wa machimbo wana utaratibu wao: duara haliongezwi urefu mpaka lililochimbwa limefungwa matimba. Fanya hivyo na stoo. Kabla ya kwenda dukani kuulizia mashine ya nne, hakikisha zile tatu zina waya wa kutosha, hewa ya kutosha na sakafu kavu. Zikiwa nazo, karibu ya nne. Zikikosa, mshiko wako uache kwanza benki, au ununulie waya wa milimita 2.5.

Haya, Jumamosi hiyo inakuja. Anza na lile begi la mgeni!